Ua Zuri Lililofunga Mto

1. Mtoto na ndoo ya maua

Mtoto mmoja wa Kisangani alikaa na babu yake karibu na mto Kongo. Babu alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Siku moja, jioni, mtoto alishuka mtoni kuchota maji. Akaona majani mabichi yanaelea, yanakuja polepole kama kisiwa kidogo. Juu ya majani yalisimama maua ya rangi ya zambarau, mazuri sana. Akavuta mimea mitano, akaitia katika ndoo, akapanda nayo.

Njiani akakutana na mama mmoja wa mjini. Mama yule alikuwa na sanduku kubwa la kioo nyumbani kwake; ndani yake alifuga samaki wadogo wa rangi, ili kuwapendeza wageni. Akaitazama ndoo, akasema:

— Mwanangu, maua haya ni mazuri. Utaniuzia?

— Ndiyo, mama.

— Nitakupa faranga elfu moja kwa kila mmea. Tena kesho kutwa uniletee mingine ishirini. Ndugu yangu anakaa mbali, mahali pasipo na mto mkubwa, naye ana ziwa dogo la samaki mbele ya nyumba. Nitampelekea alipambe.

Mtoto akahesabu moyoni: mitano na ishirini ni ishirini na mitano. Faranga elfu ishirini na tano! Zingetosha kununua kaye na kalamu za mwaka mzima. Lakini alikuwa mtoto mwenye adabu, akajibu:

— Mama, nashukuru. Ngoja kwanza nimwambie babu.

Babu alipoiona ndoo alinyamaza kitambo. Kisha akasema:

— Mjukuu wangu, ua hili nalijua. Watu wa mto huliita kwa Kilingala Kongo ya sika, maana yake Kongo mpya. Nilipokuwa mtoto kama wewe, baba yangu alitega nyavu hapa hapa. Asubuhi moja alishuka na mtumbwi wake, hakuona maji. Aliona majani tu. Nyavu zilikuwa chini ya majani yale, naye hakuweza kuzivuta. Wiki nyingi tulikula sombe bila samaki. Usipokee pesa za mama yule. Kesho umwulize mwalimu wako kwanza.

Kesho yake mtoto akaleta mmea mmoja darasani. Mwalimu akauweka juu ya meza, wote wakauona. Na haya ndiyo mambo aliyowafundisha.

2. Mmea wenyewe

Angalieni vizuri, watoto. Mmea huu kwa Kiswahili huitwa gugu-maji. Shina la kila jani limevimba kama kibofu. Ukilikata kwa kisu utaona ndani yake matundu madogo mengi yaliyojaa hewa. Ndiyo maana mmea unaelea, hauzami. Chini inaning'inia mizizi mingi kama manyoya. Mizizi hiyo haihitaji udongo. Hunywa chakula kutoka maji yenyewe. Ua lina rangi ya zambarau, na jani lake la juu lina doa la manjano.

Sasa angalieni ubavuni. Mmeona kamba hii fupi? Mwisho wa kamba kuna mmea mwingine mdogo. Huyo ndiye mtoto wake. Mama huzaa mtoto, mtoto naye huzaa wake, na kamba zote zinashikana. Hivyo mimea inakuwa kama mkeka uliofumwa, na wakati mwingine mkeka ni mnene hata ndege husimama juu yake na kutembea.

Tena gugu-maji huzaa mbegu nyingi. Mbegu huzama katika matope, na zinaweza kukaa humo miaka mingi bila kufa. Ukiondoa majani yote leo, mbegu bado zinangoja.

Tufanye hesabu. Katika maji ya moto ya inchi zetu, yenye nafasi na chakula cha kutosha, mimea inaweza kuongezeka mara mbili katika wiki mbili hivi. Tuseme tumeanza na mmoja tu. Baada ya wiki 2 ni 2. Baada ya wiki 4 ni 4. Baada ya wiki 6 ni 8. Mtu atasema: "Minane tu, si kitu!" Lakini endeleeni kuhesabu. Baada ya wiki 20 ni 1,024. Baada ya wiki 40, nafasi ikiwapo, ni 1,048,576. Zaidi ya milioni, na mwaka haujaisha!

Basi, yule mama alitaka mimea ishirini na mitano.

3. Ulitoka wapi?

Gugu-maji si mmea wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika inchi ya mto Amazon. Huko kuna wadudu wanaoula, na magonjwa yanayoupunguza. Una adui zake, kwa hiyo haushindi kila kitu. Lakini watu waliouchukua kwenda inchi nyingine walichukua ua peke yake. Wadudu wake waliachwa nyumbani.

Nani aliuchukua? Si upepo, wala si maji ya bahari. Ni watu waliopenda uzuri wake. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1884, katika maonyesho makubwa ya mji wa New Orleans huko Marekani, wageni walipewa maua haya kuwa zawadi. Wakayapeleka kwao, wakayatia katika visima vya bustani. Yalipozidi, wakayatupa mtoni. Baada ya miaka michache mito ya Florida na Louisiana ilianza kufungwa. Mwaka wa 1899 wakubwa wa Marekani walitoa pesa za kusafisha mito, ili mashua zipite.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha. Mwaka wa 1910 mjumbe mmoja wa Louisiana, jina lake Robert Broussard, alileta shauri katika baraza la inchi yake. Alisema: "Tuagize viboko kutoka Afrika! Watakula magugu, nasi tutakula nyama yao." Baraza halikupitisha shauri hilo. Ninyi mnaomjua kiboko, mfikiri: je, kiboko angekula magugu peke yake na kuacha mashamba ya watu? Angekuwa taabu ya pili juu ya ile ya kwanza.

4. Jinsi mto Kongo ulivyofungwa

Katika mto Kongo mmea huu ulianza kuangaliwa mwaka wa 1952. Wakati ule Kinshasa iliitwa Léopoldville, na mji wetu wa Kisangani uliitwa Stanleyville. Kati ya miji hiyo miwili mto una urefu wa kilomita 1,600 na zaidi. Ilipofika mwaka wa 1955, miaka mitatu tu, ua lilikuwa limeenea njia hiyo yote.

Mto ulikuwa ndiyo njia kubwa ya inchi. Kwa mto zilipita chumvi, nguo, mawese, pamba na barua. Majani yalizunguka vyuma vinavyosukuma mashua, mashua zikasimama. Mitumbwi haikuweza kutoka pwani. Vijiji vingine havikufikia tena maji yao.

Samaki nao waliumia. Chini ya mkeka wa majani mwanga wa jua haupiti. Majani mazee yanakufa, yanazama, yanaoza, na kuoza kwake kunamaliza hewa iliyo ndani ya maji. Samaki anahitaji hewa hiyo kama sisi tunavyohitaji yetu. Asipoipata hukimbia au hufa. Katikati ya majani maji yanatulia, mbu wanataga mayai humo. Konokono wenye kuchukua ugonjwa wa bilharzia nao wanakaa kwenye mizizi.

Serikali ya Wabelgiji ilitumia pesa nyingi. Watu walivuta magugu kwa mikono na kuyatupa pwani. Tena walimwaga dawa za kuua majani. Mahali pengine palisafishwa kabisa. Lakini kijito kimoja kikisahauliwa, mimea ilitoka humo na kurudi mtoni. Hata leo, ukisimama pwani ya Kinshasa, utaona visiwa vya majani vikipita na maji. Mto haujarudi kamwe kuwa kama ulivyokuwa kabla ya mwaka wa 1952.

5. Amri ya mwaka 1955

Mwaka wa 1955 serikali ilitoa amri. Ilikatazwa kupanda gugu-maji, kulizidisha, kuliuza na kulisafirisha. Marekani ilifanya karibu vile vile mwaka wa 1956: ilikataza kuuza mmea huu kutoka jimbo moja hata lingine. Amri hiyo ya Marekani ilidumu mpaka mwaka wa 2020.

Mwanafunzi mmoja aliinua mkono, akauliza:

— Mwalimu, mimea iko mtoni bure. Kwa nini kumkataza mtu kuuza kitu ambacho kila mmoja anaweza kukiokota?

Mwalimu akafurahi, maana swali lilikuwa zuri. Akajibu:

— Sikilizeni. Maji yanaweza kulichukua ua kushuka mto. Hayawezi kulipandisha mlima. Hayawezi kulitoa mto huu na kulitia katika ziwa lingine lililo mbali. Ni mikono ya watu inayofanya kazi hiyo. Na mikono ya watu huenda mbali zaidi pesa zikiwapo. Mtu akiona faida, atachukua ua kwa gari, kwa baiskeli, kwa ndege, atalifikisha mahali ambapo lenyewe lisingefika hata miaka mia moja. Kwa hiyo mwenye akili hufunga mlango sokoni, kwa maana mto hauna mlango wa kufunga.

Akaongeza:

— Lakini angalieni jambo moja. Ua lilionekana mwaka wa 1952. Amri ilikuja mwaka wa 1955. Amri ilikuwa njema, lakini ilichelewa. Kifuniko kimewekwa juu ya chungu wakati panya amekwisha kuingia.

6. Masanduku ya kioo na inchi nyingine

Gugu-maji si peke yake. Katika inchi nyingi watu hufuga samaki wadogo katika masanduku ya kioo, nao hutia humo mimea ya maji, ili samaki wapate kivuli na sanduku lipendeze. Mimea hiyo huuzwa madukani, na mingi ni ya inchi za mbali. Hatari inakuja siku ile mwenye sanduku anachoka. Anamwaga maji, samaki na mimea katika kijito kilicho karibu. Anafikiri: "Nimeirudishia mto mali yake." Kumbe ameutia mto mgeni.

Mmea mmoja uitwao salvinia, ambao kwao ni Brazili, uliingia ziwa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Ziwa lile lilianza kujaa mwisho wa mwaka 1958. Mwaka wa 1959 mmea ulionekana. Mwaka wa 1962 ulifunika kilomita za mraba 1,000 hivi, yaani karibu sehemu moja ya tano ya ziwa.

Msifikiri kwamba mimea ya kigeni tu ndiyo mibaya na ya kwetu ni mizuri. Mmea mmoja wa Afrika ya Kusini, uitwao lagarosiphon, ulipelekwa ng'ambo kwa ajili ya masanduku ya samaki. Kwao hausumbui sana. Lakini huko Nyuzilandi umejaza maziwa na kufukuza mimea ya pale. Mmea wenyewe hauna kosa. Kosa ni kuutia mahali ambapo hakuna wa kuuzuia.

Huko California, mwaka wa 2000, watu walikuta mwani wa masanduku ya kioo umeota katika hori la bahari karibu na mji wa San Diego. Mwani huo ulikuwa umekwisha kuharibu chini ya bahari katika pwani za Ulaya. Wenyeji hawakungoja. Walifunika mwani kwa turubai, wakautia dawa chini yake. Mwaka wa 2001 jimbo likakataza kuuuza. Mwaka wa 2006 ikatangazwa kwamba umekwisha kabisa. Kazi ile iligharimu mamilioni ya dola, ingawa mahali palikuwa padogo. Lakini walishinda, kwa sababu walianza mapema na kuufunga mlango wa duka.

Inchi za Umoja wa Ulaya nazo zimefanya orodha moja. Ilianza kutumika mwezi wa nane mwaka 2016, nayo ilikuwa na aina 37 za wanyama na mimea. Gugu-maji limo, na lagarosiphon imo. Vitu vya orodha hiyo haviruhusiwi kuingizwa, kufugwa, kusafirishwa, kuuzwa wala kutupwa porini. Hispania ilikuwa imekwisha kujua sababu: tangu mwaka wa 2004 ilipigana na gugu-maji katika mto wake Guadiana.

7. Mdudu mwenye pua ndefu

— Mwalimu, akauliza mtoto mwenye ndoo, hakuna dawa?

— Iko dawa ya kupunguza, si ya kumaliza. Mmesikia kwamba wadudu wa gugu-maji waliachwa Amerika ya Kusini. Basi wataalamu walikwenda kuwatafuta. Ni wadudu wadogo wenye pua ndefu, ndugu wa wale wanaotoboa mahindi ghalani. Kabla ya kuwaachilia, waliwajaribu juu ya mimea mingine, ili kuhakikisha kwamba hawatakula mazao ya watu.

Katika ziwa Viktoria gugu-maji lilionekana karibu na mwaka wa 1989. Mto Kagera, unaotoka upande wa Rwanda, uliendelea kuleta mimea mingine. Uganda iliachilia wadudu wale mwaka wa 1995, na Kenya mwaka wa 1997. Baada ya miaka michache majani yalipungua sana. Lakini mbegu zilikuwa katika matope, na mahali pengine majani yamerudi.

Wako watu wanaofuma vikapu na viti kwa mashina makavu. Ni kazi nzuri, kwa maana inatoa majani majini. Lakini mtu asipande magugu apate vikapu! Mkono mmoja utakuwa unapunguza, na mwingine unazidisha.

8. Mtoto anarudi kwa mama wa mjini

Jioni ile mtoto akaenda kwa mama wa mjini, akamsalimu kwa heshima.

— Mama, nisamehe, siwezi kukuuzia.

— Kwa nini, mwanangu? Mimea michache tu, tena ziwa la ndugu yangu ni dogo.

— Mama, ziwa lake linatoa maji wapi mvua ikinyesha sana?

Mama akafikiri. — Linamwaga katika kijito kinachopita chini ya kijiji.

— Na kijito kinakwenda wapi?

Mama hakujibu. Mtoto akachukua kipande cha mkaa, akaandika hesabu juu ya ubao wa mlangoni: 1, 2, 4, 8, mpaka 1,024. Mama akaisoma mara mbili. Kisha akasema:

— Ndugu yangu anaishi kwa samaki wake. Basi sitampelekea. Lakini ziwa lake litakosa maua?

— Babu anasema, yako mayungiyungi yanayoota katika maji ya kule kule. Achukue hayo. Wazee wa pale wanayajua, na samaki wanayajua.

Mtoto akarudi nyumbani bila faranga elfu ishirini na tano. Hakufurahi, kwa maana kaye zake zilikuwa zimejaa. Yeye na babu wakaitandaza mimea mitano juu ya mawe makavu, mbali na maji, ikaungua na jua mpaka ikawa kama karatasi. Ndipo wakaizika shambani iwe mbolea.

Wiki ya pili babu alivua samaki wengi. Wakawapeleka sokoni. Kwa pesa hizo babu alinunua chumvi, sabuni, na kaye tatu.

Maana ya maneno

Gugu: mmea usiotakiwa, unaosumbua mimea mingine au kazi za watu.
Hori: mkono wa bahari unaoingia katika inchi kavu.
Mwani: majani yanayoota baharini.
Yungiyungi: ua la maji ambalo mizizi yake imeshika matope chini.
Kuzidisha: kufanya kitu kiwe kingi zaidi.

Maulizo

1. Kwa nini gugu-maji linaelea?
2. Mmea huu kwao ni wapi? Kwa nini hausumbui sana kule kwao kama unavyosumbua hapa?
3. Mto Kongo ulipata taabu gani kati ya miaka ya 1952 na 1955?
4. Amri ya mwaka 1955 ilikataza mambo gani manne?
5. California walishinda. Katika mto Kongo haikuwezekana. Eleza sababu.
6. Mtoto alimwuliza mama: "Kijito kinakwenda wapi?" Kwa nini swali hilo lilimnyamazisha mama?

Hesabu

Mtu ametupa mimea 3 katika ziwa. Inaongezeka mara mbili kila wiki mbili. Itakuwa mingapi baada ya wiki 12?

Kazi ya kuandika

Uliza wazee wa kwenu: ni mmea gani au mnyama gani ambaye hakuwapo walipokuwa watoto? Nani alimleta, na kwa sababu gani? Andika majibu yao kwa mistari kumi.

Kumbuka

Usinunue, usiuze wala usichukue mmea wa maji kuupeleka mahali pengine, kabla ya kujua unatoka wapi na utafika wapi. Na mwenye sanduku la kioo asimwage mimea yake mtoni. Aikaushe juani kwanza. Ua moja lililokauka halifungi mto.